Redio ya akiba baharini: nini cha kuangalia kabla ya kununua ya mkononi

Redio ya VHF, yaani ya masafa ya juu sana yanayotumiwa na vyombo vya baharini, ikifungwa chomboni hutegemea vitu vitatu ambavyo, mambo yakiharibika, ndivyo huwa vya kwanza kushindwa: betri ya chombo, nyaya zinazopita chini ya sakafu, na antena iliyoko juu ya mlingoti. Maji yakijaa kwenye ngama hadi kuifikia betri, redio hiyo ya wati 25 hunyamaza, pengine kabla hata nahodha hajaamua kama kweli kuna haja ya kuomba msaada. Mlingoti ukivunjika, antena huanguka nao. Na watu wakilazimika kukiacha chombo, redio hubaki ndani yake. Kwa hiyo anayenunua redio ya mkononi kwa ajili ya akiba ananunua kitu kitakachokuwa hai wakati chombo kimekwisha kufa, kikiwa mikononi mwa mtu ambaye huenda amelowa, anatetemeka na haoni vizuri. Inafaa kila sifa inayoandikwa kwenye boksi ipimwe kwa saa hiyo, kwa sababu wauzaji hupenda kuzungumzia wati, idadi ya chaneli na ukubwa wa kioo, mambo ambayo katika saa hiyo huwa na uzito mdogo.

Tuanze na wati, maana ndizo zinazowababaisha wengi. Redio ya kufungwa chomboni hutuma kwa wati 25. Ya mkononi kwa kawaida hutuma kwa wati 5 au 6, na huwa na nafasi ya kushusha hadi wati 1 kwa mazungumzo ya karibu. Mnunuzi huona tofauti hiyo na kudhani kwamba redio ndogo itafika moja ya tano ya umbali wa ile kubwa. Sivyo mawimbi ya VHF yanavyofanya kazi. Masafa ya baharini, yaliyo kati ya megahezi 156 na 162 hivi, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, wala hayaufuati mviringo wa dunia isipokuwa kidogo sana. Yakifika kwenye upeo, yanaendelea kwenda angani na kukiacha chombo kilicho ng'ambo ya upeo bila kusikia chochote. Kinachoamua umbali, basi, ni kimo cha antena zote mbili, ya anayesema na ya anayesikiliza.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua kimo cha antena kutoka usawa wa bahari kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.1, utapata kilomita ambazo antena hiyo peke yake inaweza kuona. Fanya hivyo kwa antena ya upande wa pili, kisha jumlisha. Mvuvi aliyekaa kwenye mashua akiwa na redio mkononi, antena ikiwa mita 1.5 juu ya maji, anapata kilomita 5. Mwenzake aliyeko kwenye mashua ya namna hiyohiyo anapata 5 nyingine, kwa hiyo wawili hao hawawezi kutarajia kusikilizana zaidi ya kilomita 10. Lakini ikiwa anayesikiliza ni boti ya abiria yenye antena iliyo mita 16 juu, kipeuo cha 16 ni 4, na boti hiyo huleta zaidi ya kilomita 16 kwa upande wake; jumla inafika 21. Meli ya mizigo yenye antena mita 25 juu husogeza jumla hadi kilomita 25, na kituo cha pwani chenye mnara wa mita 100 huisogeza hadi 46. Hizi ni hesabu za juu kabisa. Antena fupi ya mpira ya redio ya mkononi hupoteza nguvu nyingi, mawimbi hupanda na kushuka, na mwili wa mwenye redio nao huzuia, kwa hiyo ni busara kukata theluthi moja kabla ya kuzitegemea. Hapo kwenye mwisho wa umbali huo ndipo wati 5 zinapozidiwa na 25, kwa sauti kuwa hafifu na kukatikakatika. Lakini hata ukiwa na wati 100, upeo hautasogea.

Ukiweka hesabu hiyo juu ya ramani ya pwani yetu, picha inakuwa wazi zaidi. Mkondo wa Zanzibar, kati ya Unguja na bara, una upana wa takriban kilomita 35 katika sehemu zake nyembamba, na boti za abiria za Dar es Salaam na Unguja huupita kila siku mchana. Aliyeharibikiwa na mashine katikati ya mkondo huo, akiwa na redio inayofanya kazi, ana uwezekano mzuri wa kuwa ndani ya masikio ya mtu. Mkondo wa Pemba una takriban kilomita 50 na vyombo vyake ni vichache. Kuna saa nyingi ambazo redio ya mkononi itasema na maji matupu. Na huko nje, mashariki ya Mafia au mashariki ya Pemba, ambako wanaofuata jodari hukaa usiku kucha, redio ya mkononi peke yake ni akiba dhaifu. Huko panahitajika kifaa cha dharura kinachotuma wito kwa satelaiti kwenye megahezi 406, na redio ibaki kuwa ya kuzungumza na mwokoaji atakapokaribia. Hilo lijulikane kabla ya fedha kutoka mfukoni, kwani hakuna redio ya mkononi, hata iwe ya bei gani, itakayoliziba pengo hilo.

Swali la umbali linazaa swali la nani anasikiliza, na hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na ushauri unaoandikwa kwa ajili ya wenye boti wa Ulaya na Marekani. Huko, aliye karibu na ufuo anaweza kudhani kwamba kuna mlinzi wa pwani anayesikiliza chaneli 16, ile ya wito na dharura, saa zote, na kwamba boti jirani nayo ina redio. Kwetu, mashua, ngalawa na majahazi mengi hayana redio ya VHF kabisa. Wanaosikiliza chaneli 16, yaani megahezi 156.8, ni meli kubwa, boti za abiria, bandari, vyombo vya ulinzi, na vituo vya uratibu wa uokoaji, kikiwamo kile cha kanda kilichofunguliwa Mombasa mwaka 2006 na kile cha Dar es Salaam. Kwa hiyo kikundi cha wavuvi kinachonunua redio moja kimenunua njia ya kuziita meli, na hilo si jambo dogo. Kikinunua tatu au nne na kukubaliana nani atabaki na moja ufukweni, antena ikiwa juu ya mnazi au mlingoti mrefu, kinakuwa kimejitengenezea kituo chake. Antena iliyopandishwa mita 9 huona kilomita 12 badala ya 5. Kwa fedha za kamba na waya tu unapata nafuu ambayo huwezi kuipata kwa kununua redio ya bei mara mbili.

Simu ya mkononi haichukui nafasi hii, ingawa wengi huitegemea na mara nyingi imewaokoa. Simu humfikia mtu mmoja uliyempigia, kama mtandao upo. Redio humfikia kila aliye karibu, na aliye karibu ndiye anayeweza kukufikia kabla chombo hakijazama.

Sasa maji. Redio za baharini hupewa alama ya IPX ikifuatiwa na tarakimu. IPX7 maana yake ni kwamba kifaa kilizamishwa mita 1 kwa dakika 30 bila kuharibika. IPX8 ni zaidi ya hapo, kwa kina na muda ambao mtengenezaji mwenyewe anautaja, na kwa hiyo ni lazima kuusoma. Chini ya 7 usinunue. Lakini elewa pia kwamba jaribio hilo hufanywa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na kwa kifaa kipya, na kwamba kinachozuia maji ni mpira mwembamba unaozunguka betri na vifuniko vya matundu. Chumvi ikikauka juu ya mpira huo, au punje ya mchanga ikikaa hapo siku unabadilisha betri, tarakimu iliyoandikwa kwenye boksi haina kazi tena. Redio isuuzwe kwa maji baridi kila inaporudi nchi kavu, ifutwe, na chuma za kuchajia zitazamwe kama zimeota ukijani.

Kuelea ni jambo jingine, na si kila redio isiyoingia maji huelea. Iliyozama mita 20 ikiwa nzima haimsaidii mtu. Tafuta inayoelea, na ikiwezekana inayowasha taa yenyewe ikigusa maji, kwa kuwa kitu cheusi chenye ukubwa wa kiganja hakionekani usiku kwenye mawimbi. Ukishainunua, ijaribu nyumbani kwenye ndoo ya maji baridi ikiwa na kibanio chake cha mkanda na kamba yake, kwa sababu nyongeza hizo huongeza uzito. Ikielea humo, baharini itaelea vizuri zaidi. Na ukiwa bado dukani, mwombe muuzaji aweke betri, fumba macho, kisha utafute kwa kidole gumba kitufe cha kukupeleka chaneli 16. Redio nyingine zina kitufe kikubwa cha peke yake, chekundu au chenye kipele. Nyingine hutaka kufungua orodha kwenye kioo na kupanda na kushuka. Ya namna ya pili iache pale pale kaunta.

Kuhusu betri, matangazo husema saa 10, saa 12, hata 20. Saa hizo huhesabiwa kwa mpangilio ambao redio hutuma kwa asilimia 5 ya muda, hupokea sauti kwa asilimia 5, na asilimia 90 iliyobaki hukaa kimya ikisubiri. Mtu aliye kwenye dharura haitumii redio hivyo. Kutuma kwa wati 5 huvuta takriban ampea moja na nusu, kwa hiyo betri ya mAh 1800 ikitumika kutuma tu, bila kupumzika, ingemalizika kwa saa moja na dakika chache. Ndiyo sababu mtu mwenye uzoefu hutoa wito wake, kisha husikiliza kwa dakika kadhaa kabla ya kurudia, na meli ikishafika karibu hushusha nguvu hadi wati 1.

Kuna swali la kuchagua kati ya betri ya lithiamu inayochajiwa na kisanduku cha betri kavu za kawaida. Meli kubwa zimelipatia jibu lao chini ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini: redio za mkononi za kwenye boti za kuokolea huwa na betri ya dharura isiyochajiwa, iliyofungwa kwa lakiri ili ionekane wazi kama imeguswa, na inayotakiwa kuendesha redio kwa saa 8. Mabaharia hutumia betri nyingine kwa kazi za kila siku, na ile ya dharura haiguswi. Redio hizo ni ghali na mwenye mashua hana haja nazo, lakini wazo lenyewe ni zuri na linaigika kwa gharama ndogo. Chagua modeli inayokubali kisanduku cha betri kavu, nunua kisanduku hicho, kiweke na betri mpya ndani ya mfuko usiopitisha maji, na usikiguse. Zingatia tu kwamba katika modeli nyingi nguvu ya kutuma hushuka sana redio inapoendeshwa na betri kavu, pengine hadi wati 1 au 2. Kwa chombo kilichoko mbele ya macho yako hizo zinatosha. Zile modeli ndogo ambazo betri yake haitoki kabisa, na huchajiwa kwa waya wa simu, zina faida kijijini kwenye umeme wa jua, lakini zikiisha chaji baharini zimeisha. Joto nalo ni adui wa lithiamu: redio iliyoachwa juani kwenye tezi mchana kutwa, msimu baada ya msimu, huzeeka mapema, na mwenyewe hajui hadi siku anapoihitaji.

Sehemu inayostahili kulipiwa zaidi, kwa maoni yangu, ni GPS ya ndani pamoja na mfumo wa wito wa kidijitali unaoitwa DSC. Kwenye redio yenye mfumo huo kuna kitufe chekundu chini ya kifuniko. Kikishikiliwa kwa sekunde chache, redio hutuma kwenye chaneli 70 ujumbe mfupi wenye namba ya utambulisho wako, mahali ulipo na saa, na king'ora hulia kwenye redio za meli zilizo ndani ya umbali wa kusikika. Ujumbe huo hueleweka hata pale ambapo sauti ya mtu ingekuwa mkwaruzo mtupu. Meli kubwa zinalazimika kuisikiliza chaneli hiyo saa zote, kwa hiyo faida yake ipo hata pale ambapo pwani haina kituo kinachoipokea. Lakini hata king'ora kisipomfikia mtu, GPS peke yake inalipa gharama yake. Nahodha anayejua kila mwamba kati ya Bagamoyo na Mkokotoni atamwelekeza mvuvi mwenzake kwa majina ya miamba. Ofisa wa zamu kwenye meli ya mizigo hayajui majina hayo. Akisomewa digrii 6 dakika 20 kusini, digrii 39 dakika 4 mashariki, ataliweka jambo hilo kwenye ramani yake kwa nusu dakika. Kwenye soko la Marekani redio ya kawaida inayoelea huuzwa kwa takriban dola 100 hadi 150, na yenye DSC na GPS kuanzia dola 200 hivi. Kabla ya usafiri na ushuru, hiyo ndiyo tofauti ninayoona ina maana.

DSC haifanyi kazi bila namba. Ni namba ya tarakimu 9, iitwayo MMSI, ambayo kwa vyombo vya Kenya huanza na 634 na kwa vya Tanzania na 674 au 677. Zipo pia namba za redio za mkononi zinazotanguliwa na 8. Modeli nyingi hazitatuma wito wa kidijitali kabla namba haijaingizwa, na nyingi huruhusu kuiingiza mara moja tu, baada ya hapo ni lazima redio ipelekwe kwa wakala. Hili linawahusu hasa wanaoletewa redio iliyotumika kutoka nje: kama mwenye kwanza aliingiza namba yake, kitufe chekundu kitatangaza kwamba kuna boti ya Florida inayozama, huku wewe uko Kizimkazi.

Redio zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina jambo jingine la kurekebisha. Huwa zimewekwa kwenye mpangilio wa chaneli wa huko, ambapo baadhi ya chaneli hutofautiana na za kimataifa: chaneli 22 ya kimataifa hutumia masafa mawili, moja ya chombo na moja ya pwani, ilhali ile ya Marekani hutumia moja tu. Tafuta mpangilio wa kimataifa, ambao huandikwa INT kwenye kioo. Chaneli 16 ni ileile duniani kote, kwa hiyo mtu anaweza kutumia redio miaka mingi bila kugundua kasoro hadi siku atakapoambiwa ahamie chaneli nyingine na asisikie kitu. Chaneli za hali ya hewa zinazosifiwa kwenye maboksi hayo hutangazwa huko Amerika ya Kaskazini; hapa zitakuwa kimya, na si sababu ya kuongeza hata shilingi.

Zimebaki redio za upepo za bei poa, ambazo ndizo nyingi madukani. Zile za walinzi na wajenzi, zinazotumia masafa ya megahezi 400 na kuendelea, haziwezi kuisikia chaneli 16 hata kidogo, na mtu asiuziwe kwa kuambiwa kwamba redio ni redio. Nyingine, kama Baofeng UV-5R, hufika kwenye megahezi 136 hadi 174, kwa hiyo zinaweza kuwekwa kwenye 156.8 na zikasikika. Ninaelewa kwa nini watu huzipenda. Lakini haziko katika kundi la redio za baharini: hazina kinga ya kuzamishwa, hazielei, hazikuidhinishwa kwa kazi hiyo, na kitufe kimoja kikibonyezwa kwa bahati mbaya mfukoni huzihamisha kwenye masafa mengine bila mwenyewe kujua. Ukiipima kwa saa ile tuliyoanza nayo, chombo kimekufa na mtu amelowa, inashindwa mtihani wa kwanza.

Kwa upande wa sheria, redio ya kutuma inahitaji kibali. Tanzania, pamoja na Zanzibar, masuala ya masafa yako chini ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na Kenya chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Usajili wa chombo ni wa TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) kwa bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, na KMA (mamlaka ya usafiri wa baharini ya Kenya) kwa Kenya. Ni vyema kuuliza kabla ya kununua.

Kama chombo kina redio ya kudumu, tazama pia kama antena ya redio ya mkononi unayoitaka inafunguka, kisha tafuta kiunganishi cha kuipachika kwenye waya wa antena ya mlingotini. Mara nyingi redio kubwa hufa kwa kukosa umeme tu, na antena yake iko salama. Redio ya wati 5 iliyounganishwa na antena iliyo mita 9 juu hukaribia sana kufanya kazi ya ile ya wati 25.

Ikishanunuliwa, mahali pake ni kifuani mwa nahodha, imefungwa kwa kamba kwenye jaketi la kuokolea. Iliyoko ndani ya boksi la samaki au chini ya shetri itazama na chombo kama ile iliyofungwa. Kabla ya kung'oa nanga, iwashwe na ijaribiwe na chombo jirani kwa wati 1 kwenye chaneli 72, wala si kwenye 16, ambayo iachwe wazi kwa wito. Na kadi ndogo yenye maneno ya wito ifungwe nyuma yake, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa kuwa ofisa wa meli ya kigeni hajui Kiswahili: Mayday mara tatu, jina la chombo mara tatu, mahali kilipo, kilichotokea, idadi ya watu, msaada unaotakiwa. Angalau mtu mmoja zaidi chomboni awe ameisoma kadi hiyo kwa sauti na kukishika kitufe kwa mkono wake, kwa sababu aliyeanguka majini anaweza kuwa nahodha mwenyewe.